Propela ya Mombasa kwenye maji ya Entebbe: namna ya kuipanga boti ya kasi

Injini nyingi zinazofika mialo ya Uganda zimeshushwa melini Mombasa, na propela iliyofungwa nazo ilichaguliwa na mtu aliyekuwa akiiwazia bahari. Sisi hatuko baharini. Uso wa Ziwa Victoria, Nalubaale kwa Waganda, uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Huku juu hewa ni nyepesi, na injini ya boti ya kawaida hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 inazopanda. Piga hesabu: asilimia 11 hivi imeshapotea kabla hujawasha. Ulilipia nguvu za farasi 115, zinazofika majini ni 102.

Fundi wa Dar es Salaam anaweza kukuapia kwamba pichi 19 (namba ya propela tutakayoisoma hapa chini) ndiyo dawa ya boti ya faiba ya futi 22, na kwake ni kweli kabisa. Ifunge hiyohiyo Ggaba, mwalo wa Kampala, pakia watu wanane, uone. Injini itanguruma kama bodaboda iliyobeba mikungu minne ya matoke ikipanda mlima kwa gia ya nne. Itafika, lakini pistoni na fito zake ndizo zinazolipa nauli.

Hata ndani ya Uganda maziwa hayalingani. Ziwa Albert liko chini zaidi, takriban mita 620, Kyoga ni kama mita 1,030, na Bunyonyi linakaribia mita 2,000. Nimewahi kuona boti iliyokuwa ikikimbia vizuri Butiaba, kwenye Ziwa Albert, ikaletwa Entebbe juu ya lori, injini ileile, propela ileile. Ilipungukiwa na mizunguko 150 hivi kwa dakika, na abiria wawili wa ziada wakatosha kuizuia isiinuke majini. Mwenyewe alifungua kabureta mara mbili na kubadilisha plagi zote. Kilichotakiwa ni propela ya pichi pungufu kwa inchi moja.

Kwanza, tusome namba

Kwenye shina la propela, au kwenye panga lake mojawapo, kuna maandishi kama 13¼ × 17. Namba ya kwanza ni kipenyo kwa inchi. Ya pili ni pichi: umbali ambao propela ingesonga mbele kwa kuzunguka mara moja, kama ingekuwa inaingia kwenye kitu kigumu, jinsi skrubu inavyoingia ubaoni. Pichi 17 ni sentimita 43 hivi kwa mzunguko.

Pichi ndogo ni gia ndogo: boti inaondoka haraka, inabeba mzigo, ila mwendo wa juu unapungua. Pichi kubwa ni gia kubwa. Kwa kawaida ukipunguza pichi kwa inchi 1, mizunguko ya injini hupanda 150 hadi 200. Shika hesabu hiyo, ndiyo tutakayoitumia hadi mwisho.

Kwenye propela za Yamaha kuna herufi baada ya namba: G, K, M na nyinginezo. Hiyo si alama ya ubora, bali inaonyesha familia ya giaboksi ambayo propela itaingia. Watu wamenunua pichi sahihi yenye herufi isiyo yao wakarudi nayo dukani kubishana.

Hatua ya 1: Kagua boti kabla ya kulaumu propela

Ukilalamika mwaloni kwamba boti ni nzito, kila mtu atakuambia ununue propela nyingine. Anza na visivyonunuliwa.

Ipandishe boti mchangani uoshe utelezi wa kijani chini yake. Kisha tafuta bomba la alumini lililonyooka, la mita 2 hivi, ulilaze chini ya boti kwenye mita moja na nusu ya mwisho kuelekea tezi, yaani nyuma. Linatakiwa kugusa kote. Likiacha mwanga katikati, yaani sehemu hiyo imebonyea ndani, boti itakuwa inainamisha omo, yaani pua yake, na kulima maji. Likicheza kama bembea, yaani chini pametokeza tumbo, omo itadundadunda ukifungua mafuta. Kasoro hizi hurekebishwa kwa faiba na msasa.

Mitumbwi yetu ya mbao ina jambo jingine, nalo ni mkuku. Ule mti unaopita chini katikati ukifika hadi ubao wa nyuma kwa unene wake wote, unaipelekea propela maji yaliyochanganyika na mapovu. Propela inaishika hewa badala ya maji, injini inapiga kelele, chombo hakiendi. Mwambie seremala aukonde mkuku kidogo kidogo kwenye mita ya mwisho mpaka ukutane na ubao wa nyuma ukiwa mwembamba. Nimeona kazi hii ya nusu siku ikifanya ambacho propela mbili mpya zilishindwa.

Halafu uzito. Lita 100 za petroli ni kilo 74 hivi. Maji yaliyolala chini ya sakafu, kila ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Nanga mbili, kamba zilizolowa, betri ya zamani ambayo hakuna anayejua imewekwa pale na nani: toa.

Hatua ya 2: Weka injini kwenye kimo chake

Hapa ndipo kasi nyingi ya bure ilipolala, na ndipo watu wengi hawafiki kwa sababu inabidi kulegeza bolti.

Juu ya propela kuna bamba pana la kulala. Kazi yake ni kuzuia propela isivute hewa kutoka juu. Weka tena lile bomba chini ya boti, lipite hadi nyuma kwenye injini, huku injini ikiwa imesimama wima. Kwa mtumbwi mzito wa mizigo, bamba liwe usawa wa chini ya boti au chini yake kidogo. Kwa boti ya kasi yenye tumbo la V, anza usawa huohuo, kisha panda hadi sentimita 2.5 juu yake. Matundu ya bolti kwenye injini nyingi yameachana milimita 19, kwa hiyo unapanda tundu moja, unajaribu, kisha unaamua.

Kama bamba liko chini sana hata ukitumia tundu la mwisho, huenda una injini ya mguu mrefu kwenye ubao mfupi. Ubao wa nyuma wa sentimita 38 huchukua mguu mfupi, 51 mguu mrefu, 64 mguu mrefu zaidi. Injini ya mtumba hununuliwa kwa bei, ya mguu watu hukumbuka baadaye.

Dalili za injini iliyo chini mno: usukani mzito, maji yanarushwa juu nyuma ya boti, mwendo unagoma. Iliyo juu mno: ukikata kona mizunguko inaruka ghafla, boti inalegea, na mkojo wa injini, ule mchirizi wa maji ya kupooza unaotoka nje, unakuwa hafifu. Hilo la mwisho ndilo la kuogopa. Matundu ya kuvuta maji ya kupooza yako ubavuni mwa mguu, chini ya bamba. Yakitoka majini injini inaungua. Kwa hiyo kila unapopanda tundu moja, mtu akae nyuma autazame mkojo boti ikiwa kwenye mwendo wote, si ikiwa imesimama mwaloni. Mtu huyohuyo alitazame na bamba: boti ikiwa imeinuka inateleza, bamba linatakiwa kuonekana likilambwa na maji juu juu, si kuzama kabisa.

Hatua ya 3: Pima, usikisie

Unahitaji vitu viwili: kipima mizunguko na simu yenye programu ya kuonyesha mwendo kwa setilaiti. Injini ndogo za mkono haziji na kipima mizunguko, lakini vipo vidogo vya kuzungushia waya kwenye waya wa plagi. Bila hicho unanunua propela kwa sikio, na sikio la mwenye boti siku zote husikia boti yake ikikimbia.

Nenda asubuhi, kabla upepo haujaamka. Chagua maji ya wazi yasiyo na nyavu. Ghuba ya Murchison ina magugu maji mengi, na tangu ziwa lilipopanda mwaka 2020 na kumeza sehemu za mialo, usijaribu mwendo wa kasi karibu na ufuko: nguzo na mawe ya zamani yako chini ya maji. Kila aliyemo avae jaketi okozi, na ile kamba nyekundu ya kuzimia injini iwe imefungwa kwenye mkono wa nahodha, isiwe inaning'inia kwenye injini kama pambo.

Pakia mzigo wako wa kawaida. Kama unabeba abiria kwenda visiwani, Ngamba au Kalangala, usipime ukiwa peke yako na lita kumi za mafuta. Weka watu, au viroba vya mchanga vya uzito wao.

Fungua mafuta yote, panga mwinamo wa injini mpaka boti iteleze vizuri, subiri mizunguko itulie, andika. Geuka, rudi njia ileile, andika tena, kisha chukua wastani. Kwenye Mto Nile hili ni la lazima, maana simu inapima mwendo juu ya ardhi na mkondo utakudanganya. Hatimaye pima pia sekunde kutoka kusimama hadi boti kuinuka.

Hatua ya 4: Iache injini ikwambie pichi

Kitabu cha injini yako kinataja kiwango cha mizunguko mafuta yakiwa yamefunguliwa yote. Nyingi za mipigo miwili za farasi 40 tunazozifahamu ni 4,500 hadi 5,500. Za mipigo minne za kati na kubwa huwa 5,000 hadi 6,000, nyingine 5,300 hadi 6,300. Soma cha kwako.

Sheria ni moja. Boti ikiwa na mzigo wake wa kawaida, ifike nusu ya juu ya kiwango hicho. Ikiwa tupu, isivuke mwisho wake.

Tuseme una farasi 115, kiwango 5,300 hadi 6,300, propela pichi 19, na kwenye majaribio injini imefika 5,200 na simu inasoma kilomita 57 kwa saa. Injini haifiki hata mwanzo wa kiwango. Shuka inchi 2, hadi 17: tegemea kupata mizunguko 400 hivi, yaani 5,600. Na usishangae simu ikisoma 59. Ndiyo, pichi ndogo, mwendo mkubwa, kwa sababu sasa injini inafika mahali inapotoa nguvu zake. Watu wanakataa hili mpaka wawe wamekaa ndani ya boti.

Hapo bado hujafika nusu ya juu. Pichi 15 itakupeleka karibu na 6,000. Ukibeba abiria kila siku, chukua 15. Ukiwa na boti nyepesi ya watu wawili watatu, 17 inatosha, kwa kuwa bila mzigo itapanda yenyewe.

Kuna hesabu moja zaidi inayofaa kuijua, ya utelezi. Chukua mizunguko ya injini, gawanya kwa uwiano wa giaboksi ulioandikwa kitabuni, zidisha kwa pichi, zidisha kwa 0.001524. Unapata kilomita kwa saa ambazo propela ingekwenda bila kuteleza hata kidogo. Kwa mfano wetu, uwiano ukiwa 2.15: 5,600 gawanya kwa 2.15, mara 17, mara 0.001524, ni 67.5. Simu imesoma 59. Tofauti ni asilimia 12 na kitu, na kwa boti ya kasi hiyo ni nzuri. Ile pichi 19 ilikuwa ikiteleza karibu asilimia 19. Utelezi ukivuka asilimia 20 kwenye boti nyepesi, usikimbilie pichi. Rudi Hatua ya 1 na ya 2, au tazama kama mapanga yamechakaa.

Kuendesha chini ya kiwango kwa miezi ndiko kunakoua injini kimyakimya: inakula mafuta, inajaza masizi, inapata joto kwenye pistoni. Wenye mipigo miwili ya kabureta wana mzigo wa pili, maana jeti (vile vitundu vya petroli ndani ya kabureta) za usawa wa bahari huku kwetu hutoa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Muulize fundi jeti ndogo zinazofaa kimo hiki kabla hujapima propela, la sivyo utakuwa unapima ugonjwa wa kabureta. Zenye kompyuta hujirekebisha zenyewe kwa mafuta, lakini hewa isiyopo haziwezi kuiumba.

Hatua ya 5: Alumini au chuma cha pua, mapanga matatu au manne

Kwa kasi tupu, chuma cha pua hakina mpinzani: mapanga yake ni membamba na hayapindi yakisukuma. Mara nyingi huhitaji inchi 1 pungufu ya ile ya alumini ili kubaki na mizunguko ileile.

Lakini mimi, kwa boti inayotua kwenye mialo yenye mawe, nafunga alumini na sioni haya. Alumini ikigonga jiwe inapinda, unasikitika, unanunua nyingine. Chuma kikigonga, pigo linaweza kwenda hadi kwenye gia na ekseli. Chuma nakiacha kwa wenye gati la kuegesha na maji marefu njia nzima.

Mapanga manne hushika maji vizuri zaidi. Boti huinuka mapema, hukaa imeinuka hata kwa mwendo mdogo, na haipotezi maji kwenye mawimbi na kona. Hupoteza kidogo kwenye mwendo wa juu, na hupunguza mizunguko, basi shuka inchi 1 ukihama kutoka matatu. Kwa safari ya visiwani yenye mawimbi ya ubavuni, abiria wengi na mizigo, ningechukua manne. Kwa mashindano ya vijana siku ya sikukuu, matatu.

Tazama pia ukingo wa nyuma wa panga. Kama umekunjwa kidogo kama mdomo wa kijiko, propela hiyo itashika maji hata injini ikiwa juu, na itakula mizunguko kidogo zaidi ya pichi yake iliyoandikwa. Mapanga yaliyolala kuelekea nyuma huinua omo.

Propela ya mtumba au ya bei ya kutupa, ilaze juu ya meza tambarare. Pima kwa rula kutoka mezani hadi ukingo wa kila panga, mahali palepale kwenye kila moja. Zikitofautiana milimita kadhaa, rudisha. Iliyonyooshwa kwa nyundo na jicho itatetemesha boti na kuharibu sili ya giaboksi.

Hatua ya 6: Kuifunga

Zima, toa kamba ya kuzimia, weka gia huru. Weka kipande cha ubao kati ya panga na bamba ili propela isizunguke, halafu fungua nati.

Kagua ekseli kama kuna uzi wa nyavu. Nailoni ya wavuvi hujikunja nyuma ya propela na kukata sili, maji yakaingia kwenye oili. Oili ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, ndiyo hiyo. Paka grisi kwenye meno ya ekseli. Pete nene ya mbele, yaani washa, iingie kwanza, kisha propela, kisha washa za nyuma, nati, na pini mpya. Ukiisahau ile washa nene, propela itasaga mwili wa giaboksi kabla hujafika kisiwa cha Bulago. Baada ya saa chache za safari, kaza tena.

Chora mstari mmoja wa rangi unaopita kwenye shina la ndani na la nje la propela, kwa zile zenye mpira katikati. Siku injini itakapopiga kelele na boti isiende, tazama mstari. Ukiwa umekatika, mpira umeachia, na pichi yako haina kosa.

Hatua ya 7: Mwinamo na watu

Kuondoka, vuta injini ndani karibu na boti ili omo ishuke upesi. Ikishainuka, itoe nje kidogo kidogo mpaka usukani uwe mwepesi na mwendo upande. Omo ikianza kudunda, umezidisha, rudisha. Boti ikianza kuyumba kushoto na kulia kwa mwendo mkubwa, punguza mafuta taratibu, usikate ghafla.

Wahamishe abiria wazito kabla ya kuhamisha bolti. Mzigo nyuma huinua omo na kuongeza mwendo wa boti nyepesi, mzigo mbele hutuliza mawimbi. Tangi la mafuta likikaa katikati, boti haibadiliki tabia likiisha.

Mwisho, andika kila jaribio kwenye daftari: tarehe, watu, lita, kimo cha bolti, propela, mizunguko, mwendo. Badilisha kitu kimoja tu kwa jaribio. Propela ya zamani isiuzwe kwa fundi wa vyuma. Iandike pichi yake kwa rangi na uifunge chini ya kiti pamoja na spana, nati, pini tatu na kipande kile cha ubao, kwa siku utakapogonga gogo katikati ya Entebbe na Kalangala.